Kati ya fimbo na kituo cha polisi

Mkutano wa mtaa uliitishwa kwa sababu ya vibaka. Ndani ya wiki mbili, huku kwetu Kirumba, Mwanza, juu kwenye mawe, wanawake watatu walikuwa wameporwa simu alfajiri wakishuka kuwahi mzigo katika soko la dagaa la Mwaloni, na mmoja wao alipigwa panga la mkono. Mwenyekiti akaeleza, mtendaji akaeleza, kisha mzee mmoja akasimama na kusema neno ambalo wote tulijua litasemwa: "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu." Watu wakaitikia. Nikatazama upande walikokaa akina mama. Wengi waliinamisha macho. Mmoja wao mwanawe alikuwa ametajwa kwa jina dakika chache kabla, na nikamwona akivuta khanga yake hadi mdomoni.

Methali ile naiheshimu. Lakini wahenga waliposema "mamaye" hawakumaanisha mwanamke mmoja mwenye chumba cha kupanga. Mama alikuwa na bibi uani, shangazi nyumba ya pili, mjomba ambaye akipita njiani mtoto anaficha alichoshika. Mwanamke tuliyemtazama siku ile huamka saa tisa usiku kwenda kupanga dagaa, hurudi saa mbili usiku akinuka samaki, na baba wa watoto yuko kambini kisiwani, huonekana pale dagaa wanapokataa. Tukimwambia yeye peke yake ndiye mwalimu wa mtoto, tunamwonea, na kibaya zaidi tunakosea pa kutafutia jibu.

Kwa maoni yangu vijana wetu hawapotei kwa kukosa ukali nyumbani. Ukali tunao tele. Wanapotelea katika uwazi mkubwa uliopo kati ya fimbo ya mzazi na kituo cha polisi. Hapo katikati hatujaweka mtu. Wengine wameona hivyo, nao wamejiweka wao.

Asiyejua maisha ya ziwani huenda asinielewe, kwa hiyo acha nieleze. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mtumbwi unawasha taa, zamani karabai, siku hizi nyingi ni za sola, dagaa wanaifuata nuru na nyavu zinawazunguka. Mbalamwezi ikitoka, taa haina kazi tena, na kambi nzima inapumzika kwa siku kadhaa kila mwezi. Sasa mfikirie mvulana wa miaka 14 aliyeacha shule. Alianza kwa kuanika dagaa, akaja kuchota maji mtumbwini, akavuta kokoro kwa malipo ya samaki wa mboga, mwisho tajiri akampa nafasi ya kwenda majini. Katika siku za giza hana muda wa kupotea. Anafanya kazi usiku na kulala mchana kama popo. Mbalamwezi inapotoka ana fedha mkononi, hana mkubwa wa kumuuliza lolote, na siku kumi mbele yake hazina kitu. Kuna kibanda umiza, kuna mashine za bonanza za kutumbukiza sarafu, kuna bangi na gongo, na kuna watu wanaopita kwenye makambi wakijua kalenda ya mwezi kama wavuvi wenyewe.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14 na inakataza kazi za hatari kwa kila aliye chini ya miaka 18. Kukesha ziwani juu ya mtumbwi wakati upepo unabadilika ni kazi ya hatari kwa yeyote anayelijua Ziwa Victoria. Lakini ukienda kwenye mialo, kule ufukweni mitumbwi inakotia nanga, utawakuta watoto hao, na hakuna anayeshangaa.

Wanaporudi mjini huanza mambo ya kukatana mapanga. Nasi jibu letu tunalijua. Usukuma na Unyamwezi ndiko sungusungu walikoanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi, na kuna mengi mema waliyofanya. Ila kuna tabia tuliyoibakiza mijini isiyo na wema wowote: mtu mmoja anapiga kelele ya mwizi, na dakika kumi baadaye kijana wa miaka 16 yuko chini, mawe yamemzunguka. Kesho yake gazeti linaandika "wananchi wenye hasira kali", na habari inaishia hapo. Hakuna aliyeuliza yule kijana alikuwa akilala wapi.

Kuhusu fimbo nitasema kwa urefu kidogo, maana ndipo wazazi wenzangu wanaponikasirikia.

Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya vijana wa Tanzania, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Robo tatu! Kama kipigo kingekuwa kinazuia uhalifu, nchi hii isingekuwa na kibaka hata mmoja. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa fimbo ya mpera, na nikachapa. Mwanangu wa kwanza nilimpiga siku aliyochelewa kurudi kutoka shuleni, sikumuuliza alikuwa wapi. Miaka mitatu baadaye ndipo nilipojua kwamba siku ile wavulana wakubwa walimzuia njiani wakimtaka awapelekee kifurushi. Alikuwa amekuja kuniambia. Nilipompiga, akajifunza kwamba mambo ya namna hiyo hayaletwi kwa baba. Hilo ndilo funzo alilolipata kwangu, na ninashukuru Mungu kwamba wavulana wale hawakumrudia.

Sisemi mtoto asikanywe. Samaki hukunjwa angali mbichi, ni kweli, lakini mwenye kumkunja anamshika kwa mikono miwili na anamwangalia. Sisi tunakunja gizani. Mtoto anajua baba amekasirika, hajui kwa nini, na hana njia ya kusema lake. Nyumba ya namna hiyo inaweza kuwa na nidhamu ya kupigiwa mfano mchana, na usiku mtoto ana maisha mengine kabisa.

Na wale waliojiweka katikati huanzia hapo. Mkubwa wa genge la vibaka, dalali anayekusanya watoto wa kupeleka visiwani, na mtu wa itikadi kali anayetafuta wafuasi, ukiwasikiliza waliopita mikononi mwao, neno la kwanza ni lile lile. Hawaanzi na uhalifu wala na dini. Wanaanza na "Umekula?" Baada ya chakula ni mahali pa kulala, baada ya hapo jina jipya, halafu mtu wa kumwita kaka. Kazi inakuja mwisho, na ikija kijana anaona ni deni analolipa kwa watu waliomwona pale ambapo wengine hawakumwona.

Zamani sisi wa Kanda ya Ziwa tulizoea kusema kwamba mambo ya itikadi kali ni ya Pwani, ni ya Tanga, ni ya mpakani na Msumbiji. Ni kweli kwamba huko yameua: Kibiti, Aprili 2017, askari polisi wanane walishambuliwa njiani na kuuawa kwa mara moja; na Oktoba 2020, kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara kilivamiwa na watu waliovuka mto Ruvuma. Lakini usiku mmoja wa Mei 2016, hapa hapa Mwanza, kwenye msikiti wa mtaa wa Ibanda, kata ya Mkolani, watu wenye mapanga na mashoka waliingia wakati wa swala ya isha wakaua watu watatu, akiwemo imamu. Waliouawa walikuwa wamekuja kuswali. Kila nikisikia mtu akisema kwamba tatizo hili ni la Waislamu, namkumbusha msikiti ule na watu waliolala pale wakiwa na udhu wao.

Wala sumu hii haina dini moja. Mwaka 2023, ng'ambo tu ya mpaka, katika msitu wa Shakahola nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mahubiri ya kufunga hadi kufa, wakiwemo watoto wengi waliopelekwa na wazazi wao wenyewe. Na kwetu Usukumani tuna aibu yetu: waganga wa ramli chonganishi waliowaambia watu kwamba kiungo cha mwenye ualbino kinaleta utajiri, na kwamba bibi kizee mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni ni mchawi. Waliotumwa kukata na kuua wengi walikuwa vijana. Nao waliambiwa kwamba mtu fulani si mtu kamili. Mafundisho yanatofautiana, ila pale yanapomfikisha kijana ni mahali pamoja.

Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilichapisha utafiti uliotokana na mahojiano na watu 718 katika nchi kadhaa za Afrika, wengi wao wakiwa wamewahi kuwa ndani ya makundi ya kigaidi, wengine gerezani. Wale waliojiunga kwa hiari, asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini yao wanayaelewa kidogo, au hawayaelewi kabisa, au hawayasomi. Waliokumbuka utoto ambao wazazi hawakushughulika nao walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kujiunga. Na asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni tendo la serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki.

Ziweke takwimu hizo pamoja na utaona kwa nini ninasema habari ya katikati. Kijana anayetoka nyumbani asikosikilizwa anapokelewa na mtu mwenye maneno ya dini ambayo yeye hana elimu ya kuyapima. Siku polisi wanapokuja na kuwakokota yeye, kaka yake na rafiki yake kwa pamoja, yule mtu anasema: mnaona? niliwaambia. Nyumba ilimfungulia mlango wa kutoka, na dola, bila kukusudia, ikamfungia mlango wa kurudi.

Sasa nirudi kwa mama yule wa mkutanoni, maana aliyonifundisha yeye sikuyakuta kwenye utafiti wowote. Ameniruhusu nieleze, bila jina.

Mwanawe alikuwa na miaka 17. Alikuwa mtoto wa kambini, kisha wa kijiweni, na bangi alivuta mchana kweupe. Baada ya mkutano ule akatoweka wiki tatu. Aliporudi alikuwa mwingine. Bangi ameacha. Anaamka alfajiri, anachota maji ndoo sita kabla mama hajatoka, hajibu kwa ukali, nywele amenyoa. Mama akafunga siku mbili za kushukuru. Majirani tulimpongeza, na mimi nilikuwa wa kwanza kumpa mkono yule kijana na kumwambia amekuwa mwanamume. Hili nataka kila mzazi alishike: anayemchukua mtoto wako kwa ajili ya chuki anaweza kuanza kwa kumtengeneza. Mtoto wa kijiweni anapoacha bangi ghafla tunafurahi mno kiasi kwamba hatuulizi ni nani aliyemwachisha, wala anataka malipo gani.

Mengine yalikuja pole pole. Akaacha kuitikia salamu ya mama jirani, Mkristo, mwanamke aliyemnyonyesha miezi miwili akiwa mchanga wakati mama yake amelazwa. Redio ya dada yake akaipasua. Akauza simu kubwa akanunua kitochi, na kila jioni alitoka nje kuzungumza akiwa amekipa kisogo chumba. Chakula cha mama akakipunguza, akisema fedha ya kikoba chao ina haramu ndani yake. Halafu usiku mmoja akaaga kwamba karibuni ataondoka. Anakwenda kusoma, akasema. Wapi? Mbali. Na nani? Ndugu. Mama asimwambie mtu.

Kesho yake saa kumi na moja asubuhi mama alinigongea mlango akiwa na beseni lake tupu kiunoni. Hakukaa. Akaniuliza: "Baba, nikienda polisi, mwanangu nitamwona tena?"

Nilifungua mdomo na sikuwa na jibu. Najua Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya mwaka 2002 ilivyo nzito. Nakumbuka kijana wa Kitanzania aliyefungwa maisha na mahakama ya Nairobi mwaka 2019 kwa shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2015, walikouawa watu 148. Naye alikuwa mwanafunzi wa sekondari wa hapa nchini kabla ya kuvuka mpaka, na bila shaka kuna nyumba ambako mtu aliona mabadiliko yake akakosa pa kuyasemea. Kwa hiyo kunyamaza kungeweza kuua watu. Lakini kwenda polisi, kwa mama yule, kulikuwa na maana ya kumkabidhi mwanawe kwa mkono wake, naye hajatenda kosa lolote ila kutaka kusafiri. Kati ya hayo mawili sikujua nimpeleke wapi.

Kilichomwokoa ni mjomba. Kaka yake mama alikuwa Magu, amemaliza kuvuna mpunga, hana la kufanya kwa majuma machache. Akaja jioni ile ile. Hakumpiga, hakumuuliza lolote siku ya kwanza. Akalala naye chumba kimoja, akala naye sahani moja, akamfuata hadi msikitini, akaswali ubavuni mwake. Siku ya nne kijana akaanza kusema. Siku ya sita mjomba akamwita shehe mmoja mtu mzima wa mtaani, msomi, aliyekaa naye barazani kutoka baada ya asiri hadi magharibi, aya kwa aya, bila kumdhihaki, akimwonyesha ni wapi yule "ndugu" amekata maneno katikati. Siku ya kumi kitochi kilikuwa mikononi mwa mjomba. Mambo mengine yaliyofuata yalipita kwa viongozi, na si yangu kuyaandika.

Familia ile ilibahatika. Kama mpunga ungekuwa bado mbichi shambani, mjomba asingekuja. Hatuwezi kuulinda mkoa wenye watu zaidi ya milioni 3.6 kwa kutegemea msimu wa mavuno wa Magu.

Kinachotakiwa ni watu wa kusimama pale aliposimama mjomba. Baadhi yao tayari wapo kwenye karatasi. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, uliagiza kamati za ulinzi wa wanawake na watoto hadi ngazi ya kata na mtaa. Nyingi hukutana kukiwa na mgeni. Maofisa ustawi wa jamii wapo, lakini ni wachache mno kwa kata zetu, na mama muuza dagaa hajui kwamba kazi yao ni pamoja na kusikiliza swali kama lile lake. Simu ya msaada kwa mtoto, namba 116, ni bure. Katika mkutano ule wa vibaka hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja. Ningetaka mzazi anayeona dalili aambiwe wazi, na serikali ya mtaa, msikitini na kanisani, kwamba kuna mtu wa kumwendea ambaye hatampeleka mtoto mahabusu kwa sababu ya mawazo yake, na kwamba polisi wataitwa pale tu panapokuwa na hatari ya kweli. Polisi wenyewe wangefaidika. Mama asiyeogopa kituo ndiye atakayewaambia mapema.

Kwenye mialo, BMU, yaani vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufukwe, ndizo zinazojua nani kaingia kambini na nani katoka. Zikiacha kuhesabu mitumbwi peke yake zikahesabu na watoto, na zikajua ni nani yuko ufukweni siku za mbalamwezi bila mzazi, tutakuwa tumefunga mlango mkubwa. Tajiri anayemwajiri mtoto wa miaka 13 ashughulikiwe yeye, si mtoto. Na kwa mtoto aliyekwisha kukosea, tukumbuke kwamba shule ya maadilisho ya nchi hii ni moja, Irambo, Mbeya, mwendo wa siku nzima kwa basi kutoka hapa. Mtoto wa Mwanza akipelekwa huko, mama muuza dagaa atamtembelea mara ngapi kwa mwaka?

Akina baba nina neno lenu pia. Kambini kuna mtandao wa simu siku hizi, hata visiwa vya Ukerewe. Baba anayepiga kuuliza kama fedha imefika anaweza kubaki hewani dakika tano akamwuliza mwanawe amekula nini na amecheza na nani. Huyo kijana wa jirani yangu aliniambia kwamba katika mwaka mzima kabla ya kutaka kuondoka, baba yake alizungumza naye mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kumtisha.

Sasa anajifunza kuchomelea kwenye gereji moja Nyakato. Mama jirani anamwamkia, ingawa bado kwa sauti ya chini, akitazama pembeni. Mjomba amerudi Magu. Na mama yake, kila siku baada ya isha, husimama juu ya lile jiwe mbele ya nyumba, mahali panapoonekana njia yote hadi barabarani, beseni likiwa bado kichwani, mpaka amwone akipanda.